Ndege Mbili, Mji Mmoja

Kila asubuhi ndege mbili za mashirika pinzani ziliruka kwenda mji uleule, zikipishana muda wa kunywa chai tu, kila moja ikiwa na viti vitupu kibao. Ya kwanza ilipangiwa safari na dada mtu, mpanga ratiba. Ya pili ilirushwa na kaka yake wa damu, ambaye hata mama yao alimwita Kepteni.

"Kaka, mnachoma mafuta kusafirisha viti," dada alimtania.

"Viti havitapiki, mdogo wangu."

Lakini dada hakuwa akitania tu. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba mashirika yashirikiane: ndege moja, abiria wa yote mawili, moshi upungue karibu nusu. Walimzungusha mpaka akachoka. Mafuta yalipopanda bei, ghafla wakayapenda mazingira. Mkataba ulisainiwa mbele ya kamera, mche ukapandwa nje ya ukumbi wa abiria, na dada akapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kikaoni alikuwa ameuliza, "Na marubani wa ndege itakayosimama?"

"Hilo ni la wenzetu," alijibiwa. Naye akageuza ukurasa wa ajenda.

Kepteni alimwagiwa unga kwa ujumbe wa simu, akiwa anapiga viatu rangi ajiandae kwenda kazini.

Dada alipokwenda kwake, wifi yake alifungua mlango nusu. Kepteni akatokea nyuma yake, miguu mitupu.

"Ulijua?"

"Nilijua ndege moja itasimama."

"Na anayeirusha ulimjua."

"Kaka, hii hewa tunavuta sote. Hata wanao."

"Basi waambie leo watakula hewa."

Mlango ukafungwa.

Alijipa moyo kwamba angalau moshi umepungua. Kisha siku moja, dirishani mwa ofisi, akaona ile ndege iliyosimamishwa ikipakwa rangi mpya. Akamfuata bosi.

"Mashirika yote mawili yameirudisha kazini kwa pamoja," bosi alisema kwa furaha. "Safari za mapumziko, wikendi, tiketi bei ya kutupa. Watu ambao hata hawakuwa na safari watasafiri!"

"Na moshi?"

"Kwenye njia yako umepungua vilevile. Tumelitangaza hilo. Hii njia nyingine, mama."

"Marubani je?"

"Vijana wa mkataba. Wazoefu wana gharama."

Alimpigia Kepteni, maana aliona ni heri aisikie habari hii kwake kuliko kwa watu. Kepteni alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata hewa yenyewe hukuipata," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Simu ikakatwa.

Dada akarudi mezani. Njia mpya ilihitaji ratiba, na kazi ilikuwa yake. Akajifuta macho, akaipanga.