Pembe ya Msaragambo

Fanueli alishuka bwawani asubuhi ile kwa nia moja tu: kumpasha Mtendaji wa Kijiji mbele ya wageni. Begani alining'iniza pembe ya tandala. Hakuibeba aipulize, aliibeba waione imenyamaza.

Ukoo wake ndio ulioita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tangu enzi za babu. Lakini tangu mkewe Rogathe afe akisubiri gari la wagonjwa lisilo na mafuta, Fanueli aliapa pembe haitalia tena kwa ajili ya wakubwa. Sisi tuchimbe, wao wanenepe? Thubutu!

Basi angekaa zake nyumbani, kama si kitalu cha vitunguu chini ya bwawa. Mbegu zile alizikausha Rogathe mwenyewe, akazifunga kwenye kipande cha kanga, na hazikubaki nyingine. Miche ilishaanza kulala. Mdomo wa bomba la kutolea maji ulikuwa umeziba takataka, mfereji umekauka kama koo la mlevi asubuhi.

Wageni wenyewe walikuwa wazamiaji wa kujitolea kutoka Tanga, waliokuja kuzibua bomba, mitungi ya hewa mgongoni. Mtendaji, Rodgers, aliwatangaza kwenye grupu la simu na kwa bango lenye sura yake. Watu walipoliona bango wakasema hiyo sherehe ya wakubwa, wakaenda mashambani. Mwanakijiji aliyekuwepo ukingoni ni mfugaji Lemayian tu, akinywesha ng'ombe.

Msichana mmoja akatoka majini, akavua miwani. "Shikamoo, baba. Naitwa Honorata."

"Marahaba. Mmepata samaki?"

"Tunatafuta watu, baba. Mdomo wa bomba tumeuona. Umekabwa na nyavu kuukuu, viroba, chupa, mpaka vyandarua. Tumeufunga mzigo kwa kamba, ila tope limeung'ang'ania. Lazima uvutwe kutoka nchi kavu."

"Mwambie yule." Fanueli akaelekeza kidevu kivulini, Mtendaji alikokuwa akipigwa picha, chupa moja ya takataka mkononi.

"Nimemwambia. Kaandika tena kwenye grupu."

Lemayian akacheka. "Hata ng'ombe wangu wako kwenye grupu, mzee. Wamesoma, hawajajibu."

Kicheko kilimpanda Fanueli, akakimeza. "Na mzigo usipotoka leo?"

"Jioni tunaondoka. Labda mwakani."

Mwakani! Miche ile isingemaliza wiki. Akamtazama binti wa watu anavyotetemeka, tope mpaka masikioni, kwa maji asiyoyanywa. Rogathe angekuwapo angeshateleka makande, na angeshamuuliza mumewe amesimama hapo anangoja nini.

Akaishusha pembe.

Mtendaji akaja mbio. "Mzee wangu! Subiri kwanza mpiga picha—"

"Tulia, Rodgers. Sipulizi kwa ajili yako. Maneno ya kukupasha ninayo, hayaozi."

Akapuliza. Ikatoka pumzi tupu.

"Huyo ndama mgonjwa," Lemayian akasema.

Akapuliza tena, na safari hii mlio ukapanda, ukagonga milima, ukarudi. Mashambani migongo ikanyooka. Mmoja akashuka, wawili, kisha njia nzima, majembe mabegani, wakinung'unika.

"Fanueli, si uliapa wewe?" mama mmoja akamtania.

"Shika kamba, mama. Kiapo niachie mwenyewe." Kisha akapaza sauti, akimkazia macho Mtendaji: "Pembe imelia! Asiyeshika kamba analipa mbuzi, kama zamani!"

Rodgers akatazama watu, watu wakamtazama. Akavua koti.

Wenzake Honorata walipokwisha kutoka majini, wakavuta wote. Kamba ikalia. Tope likabana, likabana, halafu likaachia ghafla, nusu ya kijiji ikakaa chini, Mtendaji akiwa wa kwanza. Bonge la nyavu likaibuka, jeusi, linanuka. Ndani ya bomba kitu kikakohoa, kikakohoa tena, maji ya rangi ya chai yakatoka mbio.

Fanueli aliyafuata mfereji mzima, akiyaondolea majani kwa mguu, mpaka maji yakaingia kitaluni, yakazunguka shina moja moja. Akachutama akaugusa udongo. Ulikuwa umelowa.

Yale maneno ya kumpasha Mtendaji aliyakumbuka akiwa njiani kurudi. Hakuyafuta hata moja. Kesho angempelekea ofisini kwake, yote, kuanzia na lile gari la wagonjwa. Leo alipitia nyumbani, akakipangusa vumbi chungu kikubwa cha Rogathe, akawasha moto. Wageni wasingeondoka na njaa.