Kwa Bwana Meneja

Nilimtoroka mume wangu na mkasi wangu wa kushonea na nguo nilizovaa, basi. Shangazi alinipokea, ila hakunificha. "Mwanangu, kwangu anapajua. Tafuta kazi yenye chumba kabla hajaja."

Kiwanda cha sare kilikuwa kinatafuta fundi cherehani, na vyumba vya wafanyakazi viko humo humo ndani ya ukuta. Nikamuuliza mlinzi wa getini barua nimwandikie nani.

"Meneja. Mkali huyo! Ukimkosea adabu, barua inaishia kapuni."

Shangazi alifundisha shule miaka thelathini, kwa hiyo kila mtu kwake ni mwanafunzi. Akanisimamia kichwani. "Andika, 'Kwa Bwana Meneja.' Heshima ni kitu cha bure." Nikaandika.

Siku ya tatu nikaitwa. Nyuma ya meza alikaa mama wa makamo, miwani puani, kiganja juu ya barua yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya niambie, bwana yuko wapi?"

Nikajua mume wangu amenitangulia, yumo humu humu. Nikageuka kutazama mlango.

"Mama, nakuomba, usimwambie niko hapa. Safari hii ataniua."

Akaondoa kiganja polepole. Neno "Bwana" lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu. Kumbe meneja ni yeye, na alikuwa anauliza habari za huyo 'Bwana' wa kwenye barua! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sijaulizwa hata sindano, tayari nimeanika ya chumbani mbele ya mtu nisiyemjua. Kazi nimeikosa, nikajiambia, na kwa mdomo wangu mwenyewe.

Meneja hakucheka. Alinitazama shingoni, pale ninapopafunga kitambaa, kisha akainua simu ya getini.

"Mwanamume yeyote akija kumuulizia fundi mgeni, mwambie hatumjui."

Sauti ya mlinzi ilisikika hadi nilipokaa. "Mbona yupo mmoja hapa, mama? Anasema alimfuata tangu kwa shangazi yake. Anasema yeye ndiye bwana wake."

Nikashika ukingo wa meza.

"Mwambie bwana wa hapa ni mimi," alisema meneja. "Na ufunge geti."

Akaweka simu chini, akanisogezea ufunguo wa chumba na shati lililoshonwa nusu. Akaniuliza kama najua kushona kola. Nikasema najua, lakini macho yangu hayakutoka mlangoni.