Miti ya Babu Yake Kaimenyi

Kithaka alikuwa na miaka ishirini na ndevu za kubahatisha, na bado watu wazima wa Kianjai, huko Tigania katika Meru, walitakiwa kumwita Mzee. Ndivyo Wamormoni wanavyowaita vijana wao wa misheni, na kibao cheusi cha kifuani kilisema hivyo hivyo, Mzee Kithaka. Sasa kwenda kujiita mzee kule Tigania, mahali ambapo mtu hulipata jina hilo baada ya kuoa, kusomesha na kuwachinjia wenzake dume, ni kujitafutia maneno. Vijana wa bodaboda walimpigia saluti kila asubuhi wakimuuliza kama wajukuu hawajambo. Alicheka nao, akawajibu hawajambo, akashika njia na mwenzake Mganda, mashati yao meupe yakimeta. Hakuwa na kiburi, hilo tumpe.

Alichokuwa nacho ni uhakika, na uhakika wa kijana ni kitu cha kuogopwa, mimi nawaambia. Kwao ni Ishiara, chini kule Mbeere, ambako watu hulima muguka. Muguka ni ndugu yake miraa, lakini ni kichaka tu cha kufika kifuani. Unakipanda, unachuma majani ya kutafuna, na siku ukikichoka unang'oa na kutia ndengu mahali pake, maisha yanaendelea. Kaka yake Gachoki alianza kuyatafuna majani hayo akiwa shuleni. Akaacha shule, akaacha kulala, mwishowe akaacha hata kuwajua watu wa nyumbani. Anashinda sokoni akibishana na ukuta. Siku Kithaka alipoondoka kwenda misheni, mama yao alimshika mikono akamwambia aende akaokoe watoto wa wenzake, kwa kuwa wa kwake ameshaenda. Maneno hayo yalimkaa rohoni. Kila alipomwona mtu ameweka majani shavuni, alimwona Gachoki.

Huko Kianjai alikutana na Gladwell, mke wa Kaimenyi. Alimkuta uani amezungukwa na mahindi, peke yake, anapukuchua na kuimba nyimbo za Kimethodisti. Kithaka na mwenzake walikunja mikono ya mashati, wakaketi chini, wakapukuchua naye mpaka vidole vikachubuka. Gladwell alishangaa. Alikuwa amewaona wahubiri wengi maishani mwake, na wote walikuja wakati wa chai. Alipowaandalia chai nao wakasema hawanywi, alicheka mpaka akajifuta machozi, akaenda kuwakorogea uji. Kuanzia hapo mlango wa nyumba hiyo ulikuwa wazi kwao.

Gladwell ndiye aliyeamini kwanza. Alikuwa mtu wa kutarajia mema tu: mvua ikichelewa, kwake inakuja kubwa, ng'ombe akikonda, kwake ana mimba. Kaimenyi, mumewe, alikuwa mtu wa kusikiliza. Alikaa kwenye kigoda chake, kofia magotini, akasikiliza masomo yote bila kukatiza. Walipofika kwenye Neno la Hekima, lile somo la kuacha pombe, tumbaku, chai, kahawa na kila kitu kinachoshika akili ya mtu, alisema kwamba yeye miraa hatafuni sana, na hata hicho kidogo atakiacha. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitazamia. Aliuliza itakuwaje na miti yake ya miraa.

Hapo ndipo Kithaka alipopaswa kusema kwamba hajui, ataenda kuuliza wakubwa wake. Maneno machache tu, na nyumba ya watu ingesimama. Lakini Gachoki alikuwa amemjaa kichwani, anaongea na ukuta wake, na Kithaka akajibu kama mtu aliyetoka kuongea na Mungu dakika hiyo hiyo.

"Iondoe," alisema. "Huwezi kubatizwa huku unauza kinachoua watoto wa wenzako. Mungu atakujazia mahali pake, nakuahidi."

Mwenzake Mganda alimtazama kwa pembe ya jicho, akanyamaza. Alikuwa mgeni pale. Alidhani mwenzake Mkenya anajua mambo ya Kenya.

Kumbe hakujua lolote. Miraa ya Meru si kichaka. Ni mti. Ile ya zamani huitwa mbaine, mashina yamejaa nundu, na wachumaji hupanda miguu mitupu mpaka juu kabisa kutafuta machipukizi. Ilipandwa na mababu. Mtu haimiliki, anaitunza tu kwa zamu yake, kisha anamwachia mwanawe. Ukienda kuposa, ni kitita cha miraa ya miti hiyo kinachotangulia kwa wakwe. Ukimkosea jirani, ni kitita hicho unachompelekea ndipo akusikilize. Kuikata ni mwiko ambao hata mlevi haufanyii mzaha. Mtoto wa Tigania anayajua haya kabla hajaota meno ya pili. Kithaka wa Ishiara alidhani anamwambia mtu ang'oe muguka apande ndengu.

Kaimenyi hakulala siku kadhaa. Baadaye Gladwell ndiye aliyesimulia, akijisifu: jinsi mumewe alivyozunguka shambani akishika mashina, na jinsi yeye alivyomtia moyo, akamwambia Abrahamu aliombwa mtoto, wao wameombwa miti tu. Basi akakodisha msumeno wa injini. Gladwell mwenyewe ndiye aliyeishika kamba ya kuvutia miti isiangukie nyumba.

Wamisionari walifika mti wa mwisho ukiwa unalala chini. Kithaka alishangilia. Aliona wanawake wamesimama nje ya ua, wameshika vichwa, wengine wanalia kama waliofiwa, naye akadhani ni watu wasioelewa mambo ya rohoni. Mbaabu, kaka mkubwa wa Kaimenyi, alikuja mbio kutoka shamba la pili, akasimama mbele ya mashina yanayotoka utomvu. Alivua kofia, akaivaa tena, akarudi alikotoka. Kithaka alimpa Kaimenyi mkono akamwambia leo mbinguni wanaimba.

Mume na mke walibatizwa mjini Meru wiki hiyo. Gladwell alitoka majini akicheka.

Kisha ndoto ikaisha. Walioizoea nyumba hiyo waliiepuka. Ndugu wa Kaimenyi walikutana na wazee, wakaamua kwamba mtu aliyemkata babu yake hana haki ya kukaa na wajukuu wa babu huyo. Hawakumpiga wala kumfukuza. Waliacha tu kumsalimia. Akipita, mazungumzo yanakatika. Akifiwa jirani, haitwi kuchimba kaburi. Binti yao Mwendwa alikuwa na mchumba wa huko Muthara, watu wake wameshafika kuposa mara ya kwanza, wamekula, wamefurahi. Wakatuma ujumbe kwamba hawawezi kufunga undugu na boma lililojilaani. Mwendwa alikwenda Nairobi kwa shangazi yake bila kumuaga baba.

Na shamba nalo? Kaimenyi alipanda maharagwe kati ya visiki. Mvua ilinyesha kidogo, ikadanganya, ikakata. Maharagwe yalikauka yakiwa na maua. Gladwell akaanza kwenda soko la Gakoromone kubebea watu ndizi, yeye ambaye zamani alikuwa akienda huko kununua. Alirudi mgongo umepinda, na bado anasema Mungu anawapima tu, baraka iko njiani. Kila Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema hawana kitu lakini wana amani, na kwamba siku ile Mzee Kithaka aliyoahidi iko karibu. Kithaka alikaa mbele, mikono imeshikana.

Alifanya alichoweza, tusimwonee. Alifunga, akala mara moja kwa siku, unga wake na sukari yake akavipeleka kwa Kaimenyi. Akaja kugundua kwamba Kaimenyi alikuwa akichukua nusu ya unga huo na kumpelekea mjane Ruguru, jirani ambaye naye alikuwa ameacha kumsalimia. Alipomuuliza kwa nini, Kaimenyi alimjibu kwa upole kwamba ndivyo walivyofundishwa. Kithaka alirudi chumbani akapiga magoti na kuomba mvua, mnunuzi, muujiza, chochote. Akaomba mpaka maneno yakamwishia. Mbingu zilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba labda hakuna aliyemtuma kuahidi.

Rais wa misheni, mkubwa wao, alipofika Meru kuwahoji vijana wake mmoja mmoja, Kithaka alimweleza yote. Rais huyo alikuwa mtu mzima, mstaarabu, aliyezoea kusikia vijana wakililia nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Nani alikuambia umwambie akate?" aliuliza.

Rais akamwambia polepole kwamba kinachoulizwa kabla ya ubatizo ni kama mtu ameacha kutumia. Habari ya shamba la urithi wa ukoo ingeletwa kwake, na yeye kamwe asingemwambia mtu akate miti ya babu yake. Angempa muda, angekaa na familia yake yote. Hakumfokea. Heri angemfokea. Alimwambia kwamba anahamishiwa Embu, na kwamba kabla hajafunga mizigo aende akamwambie yule mtu ukweli. Kanisa litaangalia la kuwasaidia, alisema, ingawa wote wawili walijua hakuna msaada unaosimamisha mti wa miaka mia.

Njiani kuelekea kwa Kaimenyi, Kithaka alijikuta karibu ana furaha. Ndiyo, furaha, msishangae. Mtu aliyebeba mzigo muda mrefu akionyeshwa mahali pa kuutua, moyo hupata nafuu. Aliwaza atalia, Kaimenyi atakasirika, labda atampiga, kisha mambo yatakuwa wazi na yeye ataweza kulala. Hakuwaza mzigo ukitoka kwake unakwenda wapi.

Walimkuta shambani anachimbua kisiki kwa sururu. Mwenzake Mganda alibaki hatua chache nyuma. Kaimenyi alifurahi kuwaona, akafuta mikono kwenye suruali, akataka kumwita mkewe jikoni. Kithaka akamwomba angoje kwanza. Akasema yote kwa mkupuo, bila kujitetea: kwamba kanisa halikudai miti ikatwe, kwamba hakuna andiko wala kiongozi aliyesema hivyo, kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema kwa sababu ya kaka yake na kwa sababu hakujua miti ile ni nini.

Kaimenyi aliiegemea sururu kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo Mungu hakuiomba," alisema.

"Hakuiomba."

"Niliikata bure."

Kithaka alifungua mdomo aseme kwamba hakuna kinachokwenda bure mbele za Mungu. Alikuwa na maneno hayo tayari, alifundishwa, aliwahi kuyasema mara nyingi kwenye nyumba za watu. Hayakutoka. Alimtazama mzee huyo akigeuka polepole kutazama visiki, kimoja baada ya kingine, kama anayewatambua maiti. Hadi siku hiyo Kaimenyi alikuwa maskini aliyempa Mungu kitu. Sasa alikuwa maskini tu. Kithaka aliliona jambo hilo likitokea usoni pake, na akajua kwamba ameharibu nyumba hii mara mbili.

Aliomba msamaha. Kaimenyi hakuonekana kusikia. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa jiko, ambako moshi ulikuwa ukitoka na Gladwell alikuwa akiimba.

"Umemwambia mama Mwendwa?"

"Bado. Nilitaka wewe kwanza."

"Usimwambie." Sauti yake ilikuwa chini, haina hasira, na hilo lilimtisha Kithaka kuliko panga. "Yeye ndiye aliyeshika kamba. Mimi nitakufa nikijua, si kitu. Yeye mwache."

"Lakini ni ukweli, baba."

"Umeshaniletea ukweli. Unanitosha."

Gladwell akatoka jikoni na sufuria ya uji, akawaona, akapiga ukelele wa furaha. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani kimefifia, lakini macho yalikuwa yale yale. Alisikitika aliposikia Kithaka anahamia Embu. Alisema watu wa Embu wana bahati, na kwamba baraka ya nyumba hii ikifika atamtumia salamu aje aione kwa macho yake. Akawaketisha kwenye visiki, hakukuwa na viti vingine. Viti vilikuwa vimeuzwa. Akamgawia kila mtu kikombe, cha Kithaka kikiwa kimejaa zaidi. Kisha akamwomba Mzee Kithaka abariki chakula, na amshukuru Mungu kwa kuwachagua wao, kati ya watu wote wa Kianjai, wampe kitu cha thamani.

Kithaka aliinamisha kichwa. Alisikia Gladwell akishusha pumzi karibu naye, ametulia, anangoja. Aliomba. Alishukuru kwa uji, kwa mikono iliyoupika, kwa nyumba hiyo, na sauti ilipofika kwenye lile neno aliloombwa alilisema, ndiyo, alilisema, akamshukuru Mungu kwa miti waliyompa. Alipofumbua macho alimwona Kaimenyi hakuwa amefumba yake hata kidogo.

"Amina," Gladwell alisema, akamgeukia mumewe, akingoja naye aitikie.

Kaimenyi aliinua kikombe akanywa.