Kunguru wa Siku ya Kumi

Kunguru walikuwepo, na hilo ndilo lililomtia Anusaya hofu. Wangekuwa hawapo, mtu angesema wamekwenda kutafuta riziki kwingine. Walikuwa juu ya ukuta, juu ya mapaa ya mahekalu na kwenye nyaya za umeme zilizovuka mto Godavari, wamejipanga kama wageni waliokataa kukaribishwa. Matonge matatu ya wali ya marehemu mdogo wake yalikuwa chini kwenye jani, yamepambwa kwa ufuta na maua, na jua lilikuwa limeshaanza kuyakausha.

Upande wa kushoto ilikuwepo familia nyingine yenye marehemu wake. Hao waliweka matonge, wakarudi nyuma hatua tatu, na kunguru wakayavamia kabla kuhani hajakaa. Wanawake wa familia ile walilia kwa furaha. Mmoja wao, mtu wasiyemjua kabisa, alipopita alimwekea Anusaya kikombe cha maji kwenye ngazi, akamwambia, "Atakuja, mama. Wengine huchelewa kuaga."

Anusaya akamshukuru, lakini maji hakuyanywa. Katika siku ya kumi tangu kifo wafiwa hawatii kitu kinywani mpaka kunguru aguse matonge. Akigusa, marehemu ameridhika na anakwenda zake. Asipogusa, lipo neno limemkwama, na walio hai ndio wanaopaswa kulitafuta.

Alikuwa amefika jana jioni kwa basi kutoka Sangamner, na kesho kutwa angerudi. Miaka sabini si umri wa kulala ugenini siku nyingi. Lakini Karbhari alikuwa mdogo wake, alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na hakuna ambaye angemzuia kuja kumuaga. Karbhari alikuwa ameanguka mchana mmoja nyumbani kwake shambani, siku ya kupaka mizabibu dawa ya kuchipuza. Uso ulimwiva, moyo ukamwenda mbio, akashika kifua. Watu wakasema moyo.

Jana usiku Rohini, mke wa mtoto mkubwa wa marehemu, alimkanda miguu shangazi wa mumewe na kumsimulia tena, polepole, kama mtu anayetoa zawadi.

"Shangazi, maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kukusifu wewe. Alirudi amechoka, akala, akanywa ile dawa yako ya zabibu uliyomtumia. Akasema, 'Dada yangu ana mikono ya mama yetu.' Ndipo akaniambia kichwa kinamzunguka."

Anusaya alilia sana kwa maneno hayo. Asubuhi alitoa chupa ya pili aliyokuwa amekuja nayo, akamwachia Eknath, mtoto mdogo wa marehemu, kwa sababu alimwona macho yameingia ndani kwa uchovu.

Sasa Sudam, yule mtoto mkubwa, alisimama mbele ya matonge, kichwa kimenyolewa upya, viganja vimekutana.

"Baba, Eknath tutamwoza mwaka huu huu. Nenda kwa amani."

Kunguru mmoja aligeuza shingo, akatazama mto.

"Muahidi kisima kirefu," alisema Wamanrao, binamu wa marehemu, mtu ambaye hata msibani ulimi haukumtulia. "Karbhari alikuwa na kiu ya kisima kuliko kiu ya mbinguni."

"Baba, kisima tutachimba."

Wapi! Hakuna kunguru aliyesogea.

"Basi muahidi kwamba mimi sitaichukua baiskeli yake!"

Watu wakacheka kidogo, kisha kicheko kikafa chenyewe. Kuhani alitazama jua. Nyuma yao sauti ya mwanamke ikanong'ona, si kwa siri sana, "Mtoto wa pili yuko wapi? Baba gani atakwenda bila kumwona mwanawe?"

Sudam alisikia, na shingo yake ikakakamaa. Kipande cha pili cha mizabibu kilikuwa kimepogolewa juzi, na mzabibu uliokatwa haungoji matanga. Dawa isipopakwa ndani ya siku mbili, macho ya vijiti hayachipui sawasawa, na mwaka mzima umekwenda. Ndugu walikubaliana mmoja abaki. Hata hivyo Sudam alitoa simu, akampigia, akaiweka sauti juu ili kila mtu asikie.

"Kaka, vipi, kagusa?" Sauti ya Eknath ilikuwa ya mtu anayehema.

"Bado. Watu wanasema anakungoja wewe."

"Mwambieni Baba mikono yangu ni myekundu mpaka viwikoni kwa kazi yake. Nimebakiza mistari miwili. Sijala tangu jana, nasubiri habari zenu tu. Akigusa nipigieni, nile. Na Shangazi yupo hapo? Mwambieni chupa yake iko mezani inaniita. Kwa uchovu huu nitainywa yote kama maji!"

"Usithubutu! Mbakizie na kaka yako, mlafi we!" Anusaya alimjibu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Wakaendelea kungoja. Lahanu, msimamizi wa vibarua aliyewaleta kwa gari la mizigo, alikuja kusimama nyuma ya Anusaya na kumfunikia jua kwa mwavuli. Hakuambiwa na mtu. Mikono yake nayo ilikuwa na doa la wekundu lisilotoka, maana dawa ya kuchipuza hutiwa rangi ili mpakaji aone alikopita.

Wamanrao akampata mtu wa kumchokoza. "Lahanu, nasikia hujanusa pombe siku kumi. Umekuwa mtawa?"

"Nimekuwa mwoga, mzee. Msimu wa dawa hii hata sherehe siendi. Dawa hii na pombe haviishi nyumba moja. Mwaka juzi shemeji yangu alipaka asubuhi, jioni akanywa mafunda mawili. Uso ukamwiva kama ua, moyo ukamkimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Tulimwokota pumzi ziko puani."

"Ndiyo maana Karbhari aliipaka mikono mitupu maisha yake yote," alisema Wamanrao. "Mtu wa shanga za mrehani shingoni, za wacha Mungu wasiogusa pombe, wa kwenda hija kwa miguu. Alilima zabibu za mvinyo miaka ishirini, na hakujua hata harufu yake."

Anusaya alikuwa akiangalia matonge. Aliuliza bila kugeuka, "Pombe ya dukani, si ndiyo?"

"Yoyote, mama. Chochote kilichochacha. Tumbo halijui cha dukani wala cha nyumbani."

Chochote kilichochacha.

Aliuona mtungi wake, nyumbani, pembeni mwa jiko. Zabibu kavu, sukari guru, maua mekundu ya msituni, maji. Unafunga mdomo kwa kitambaa na udongo, unauacha siku arobaini. Wiki ya tatu ukiweka sikio unausikia unanong'ona. Ukiufungua, harufu inakupanda puani na kutoa machozi. Mama yake aliuita dawa, na bibi yake aliuita dawa. Walipewa wazazi, wagonjwa, wazee waliochoka. Hakuna hata mmoja katika ukoo huo wa wacha Mungu aliyewahi kuuita kwa jina jingine.

Akamkumbuka Karbhari. Uso ulimwiva. Moyo ukamwenda mbio. Alikula, akanywa ile dawa yako.

Na chupa nyingine iko mezani.

Hapo, na asimsingizie mtu, Anusaya alinyamaza. Alijiambia: ngoja kwanza. Kunguru bado hajagusa, mtoto bado hajala. Mambo haya yakiisha nitarudi nao shambani, nitaichukua chupa polepole, nitaimwaga, na hakuna atakayejua. Aliwatazama Sudam na mkewe, akaona jinsi Rohini alivyoikunja shali yake mwenyewe na kuitandika kwenye jiwe ili yeye asikae juu ya baridi. Angewezaje kuwaambia watu kama hawa?

Pakavuma mabawa. Kunguru mmoja mkubwa, mwenye shingo ya kijivu, akajiachia kutoka kwenye waya, akatua, akalidonoa tonge la kati.

Watu walipiga kelele ya furaha. Kuhani akainua mikono. Wamanrao alikuwa akilia waziwazi kama mtoto. Na Sudam, machozi yakimtiririka, alikuwa tayari na simu sikioni.

"Kagusa! Baba kaenda! Kula, ndugu yangu, kula!"

Akakata.

"Mpigie tena," alisema Anusaya.

"Nini, Shangazi?"

"Mpigie tena! Mwambie asiinywe ile chupa!"

Sudam alipiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Alipiga tena. Eknath huiacha simu dirishani anapokwenda kunawa, kila mtu alijua hilo. Sasa wote walimtazama mama mzee aliyesimama bila viatu kwenye ngazi zenye maji, na mficha uchi hazai. Alisema yote. Alisema mtungi, alisema siku arobaini, alisema inachacha. "Lahanu ameeleza jinsi dawa ya mizabibu inavyoua ikikutana na pombe. Hivyo ndivyo alivyokufa mdogo wangu. Nilimtumia mimi. Na ya pili nimempa Eknath asubuhi kwa mkono wangu."

Kunguru wengine walishuka, wakawa wanagombania matonge.

"Sudam hawezi kuondoka," kuhani alisema kwa sauti ndogo. "Mwenye kufiwa hukamilisha ibada."

Sudam alimpa Lahanu ishara ya kichwa. "Mpeleke." Hakumtazama shangazi yake. Rohini alikuwa ameshakimbia mbele kufungua mlango wa gari.

Barabara ya kwenda shambani hupita kwenye majumba makubwa ya mvinyo, yenye kuta za vioo na bustani. Siku ile pia wageni walikuwapo, wamevaa miwani ya jua, wanazungusha gilasi na kupigana picha. Baada ya hapo ni mizabibu mitupu pande zote mbili, imekatwa majani yote, na kila kijiti kimepakwa wekundu. Ilionekana kama mikono iliyoinuliwa, maelfu, na Anusaya alifumba macho asiione.

Rohini alipiga simu, akapiga, akapiga. Kisha aliishusha mapajani.

"Shangazi." Alimsogelea. "Siku ile nilimmiminia mimi. Wewe ulisema vijiko viwili. Nilimwona amechoka, nikamjazia nusu gilasi."

Anusaya alimshika mkono. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Sudam alikuwa mjini siku ile."

"Basi kaa kimya. Lahanu, baba, ongeza mwendo."

"Naongeza, mama," alisema Lahanu, macho barabarani. Alikuwa mtu aliyejua kusikia na kutosikia.

Walimkuta Eknath chini ya paa la nyumba ya pampu. Vibarua walikuwa wamekaa kwa mstari, sahani zao zimeshaisha, na yeye ndiye aliyekuwa amewapakulia wote kabla ya kugusa chakula, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Sahani yake yeye ilikuwa imebaki nusu. Pembeni ilikuwepo chupa, na pembeni ya chupa gilasi, na ndani ya gilasi hakukuwa na kitu.

"Mbona mnakuja mbio? Mmekuja kuninyang'anya?" Alicheka. "Mmechelewa, nimeshaonja. Tamu kweli, Shangazi."

Masikio yake yalikuwa yameshaanza kuwa mekundu.

"Umekunywa saa ngapi?" aliuliza Anusaya.

"Sasa hivi tu. Kwa nini?" Aligusa shingo. "Ah. Joto hili..."

Lahanu hakungoja. Alimwinua kama gunia, akamtia garini, na njiani Eknath alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa shangazi yake, uso umeiva, pumzi fupi fupi, akiuliza kama amemkosea mtu. Anusaya alihesabu kila pumzi. Hakuomba kwa mungu yeyote, alimwomba Karbhari.

Hospitalini daktari hakuwa ameuliza swali, na Anusaya alikuwa ameshaanza kueleza: amepaka dawa gani, kwa mikono mitupu, tangu jana, amekunywa nini, kimekaa siku ngapi mtungini, kiasi gani. Daktari, msichana mwenye nywele zilizofungwa kwa haraka, alisimama kumsikiliza mpaka mwisho.

"Nani ameligundua hili?"

"Mimi. Ni mimi niliyeipika."

"Ungetuambia moyo tu, tungehangaika na moyo," alisema daktari, akaingia ndani.

Waliambiwa kuwa kunywa kwake kwa kuchelewa kulimsaidia, na kidogo alichokunywa, na kufikishwa mapema. Angekula alipopigiwa simu, dakika zile zote za barabarani angekuwa peke yake nayo. Jioni wekundu ulianza kumtoka Eknath usoni. Moyo bado ulikuwa ukienda haraka, lakini ulikuwa wa mtu aliye hai, na aliomba chai.

Sudam alifika akiwa na nguo zile zile za mtoni. Aliingia kumwona ndugu yake, akakaa huko muda, akatoka, akaketi kwenye benchi mkabala na wanawake wawili. Kichwa chake kilichonyolewa kilimfanya aonekane mtoto.

"Baba alikunywa kiasi gani siku ile?"

Rohini alifungua kinywa.

"Nusu gilasi," alisema Anusaya haraka. "Alinipigia simu mchana ule. Aliniambia amejimiminia mwenyewe, na mimi nikamwambia vizuri, mdogo wangu, kunywa, itakupa nguvu."

Sudam alimtazama kwa mara ya kwanza tangu pale mtoni. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Vizuri, ulimwambia."

"Nilimwambia hivyo."

"Basi la kwanza la Sangamner ni saa kumi na mbili asubuhi," alisema Sudam. "Lahanu atakupeleka stendi."

Aliinuka, akatoka nje, wakamwona kupitia kioo amesimama uwanjani na mgongo wake umewageukia.

Kesho kutwa aliyopanga kurudi haikuwapo tena; angeondoka alfajiri. Anusaya alikaa wima, akavuta ncha ya sari yake kichwani, kwa sababu kitu fulani lazima kishikwe. Ndipo akausikia mkono wa Rohini, baridi, ukitafuta njia chini ya mikunjo ya nguo mahali ambapo Sudam, hata angegeuka, asingeweza kuona, mpaka ukaupata wake, ukaushika kwa nguvu na haukuuachia.