Mkwe wa Kiti cha Nyuma

Kituo cha kusafirisha wagonjwa kilikuwa na magari mawili na madereva wawili, mpaka dereva mmoja alipoteguka mgongo akibeba friji ya shangazi yake. Akabaki Selwyn. Na katika wazee wote wa Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, waliohitaji kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mmoja alikuwa mama mkwe wake.

Kwa Wawarlpiri, wenyeji wa asili wa jangwa la huko, hilo si jambo dogo. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, hawatajani majina, na wakikutana dukani mmoja wao hugundua ghafla kwamba hana haja ya sukari. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, na heshima ya namna hiyo haina likizo. Selwyn alimwoa Audrey wangali vijana, sasa wana wajukuu, na mpaka leo ukimwuliza Selwyn mama yake Audrey ana sura gani, atakueleza habari za visigino vyake, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuviona, vikiondoka.

Maree, aliyepanga safari za kituo, aliyajua hayo vizuri. Si Mwarlpiri, ni mwenyeji wa mji wenyewe, lakini kwao pia wakwe ni wakwe.

"Kaka, sina mtu," alimwambia Selwyn. "Ningekuwa na mtu ningekutuma wewe? Nina wazimu mimi?"

Akamkabidhi shuka la maua na kopo la pini.

Shuka likatundikwa mbele ya kiti cha nyuma kabisa, na hapo ndipo alipokaa mama mkwe. Kioo cha ndani kiligeuzwa kikatazama juu, na Selwyn akawa dereva pekee mjini aliyejua kila doa la dari la gari lake. Akifika kumchukua, aliegesha mlango ukielekea nyumba, akashuka, akaenda kusimama uso kwa uso na uzio wa waya mpaka asikie mlango umefungwa. Majirani wapya walidhani ana adhabu.

Na katikati, baina ya dereva na shuka, alikaa Jangala.

Jangala alikuwa mzee mwenye figo mbovu, macho mabovu na mdomo mzima. Kwa Selwyn alikuwa mjomba. Kwa mama mkwe, ambaye ukooni aliitwa Napanangka, alikuwa babu, ingawa bibi huyo alimzidi umri kwa mbali. Hesabu ya ukoo haiangalii mvi. Na babu na mjukuu, kama ijulikanavyo, wameumbiwa utani.

"Babu, mwambie huyo mtu apunguze mwendo," Napanangka alikuwa akisema nyuma ya shuka.

Gari lenyewe lilikuwa dogo. Selwyn alisikia kila neno. Lakini neno ambalo halijapita kwa Jangala halijasemwa, kwa hiyo aliendelea na mwendo uleule mpaka mzee akohoe, ajiweke sawa na kutangaza:

"Mpwa wangu, mkwe wako anauliza kama leseni yako uliipata kwenye bahati nasibu."

"Sikusema hivyo, we kipofu!"

"Anasema pia kwamba mimi ni mzuri wa sura."

Selwyn alipunguza mwendo. Huwezi kumkatalia mama mkwe. Akitaka nyama utampa nyama, akitaka uhame utahama, na akitaka uende taratibu utaenda taratibu mpaka upitwe na baiskeli. Ndiyo sehemu ya pili ya sheria, na ndiyo nzito kuliko ya kwanza.

Mambo yakaenda hivyo majira yote ya baridi, na gari lisilo na hita. Wakazoea. Hata walifurahi kidogo, ijapokuwa hakuna aliyekiri.

Kisha dada yake Jangala akafa nyumbani.

Nyumbani ni kule jangwani, safari ya nusu siku kwa barabara ya vumbi. Napanangka alizaliwa huko, alizalia huko, na asingetoka kama figo zake zisingegoma. Zahanati ya huko ina kiti kimoja tu cha mashine kwa ajili ya wageni, na wiki ya msiba kiti hicho kikapewa Jangala, kwa kuwa marehemu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Hakuna aliyepinga. Ila Napanangka alikua pamoja na marehemu, ambaye jina lake sasa halitajwi. Walichimba viazi pori pamoja wakiwa watoto, wakaolewa mwaka mmoja, wakagombania sufuria moja hadi uzeeni. Alipoambiwa kiti kimeshapata mtu alisema ni sawa. Baadaye akasema tena ni sawa, bila kuulizwa, na Audrey akamwambia mumewe kwamba mama hayuko sawa.

Mtaa wao wote, ulioko ukingoni mwa mji upande wa kaskazini, ukapakia magodoro kwenye magari ukaenda kuzika. Audrey akaenda pia. Katika vurugu za kuondoka Napanangka alikosa zamu yake ya mashine, na nesi akapiga simu kusema akikosa na ya pili, maji yatamwingia kwenye mapafu na hapo tena hakuna la kufanya. Kwa hiyo Selwyn akabaki. Maree alikuwa amepanga binti wa jirani akae kiti cha kati badala ya mzee, lakini asubuhi yenyewe binti akapata nafasi kwenye gari la mwisho la msibani, akaenda, na nani angemlaumu. Maree mwenyewe alikuwa mahakamani na mtoto wa dada yake, simu imezimwa.

Selwyn akaegesha, akashuka, akautazama uzio. Nyuma yake akasikia mlango wa nyumba, kisha magurudumu ya kigari cha kutembelea yakiburuzika kwenye changarawe. Yakasimama. Bibi alikuwa ameona kiti cha kati ni kitupu.

Magurudumu yakageuka. Mlango ukafungwa.

Selwyn alibaki pale. Asingeweza kubisha hodi, asingeweza kuita. Ambulensi bibi aliikataa tangu ilipomchukua mdogo wake ikarudi bila yeye. Mtaani walikuwa wamebaki mbwa tu. Akautazama waya wa uzio ambao sasa aliujua fundo kwa fundo. Kisha akatoa simu.

"Mjomba, uko wapi?"

"Niko msibani. Ulitaka niwe wapi, dansini?"

Jangala alikuwa ameazima simu ya mtu, na kwa vile kule mawasiliano hupatikana karibu na tangi la maji tu, alikuwa ameegemezwa kwenye tangi. Selwyn akamweleza.

"Niweke kwenye spika za gari," mzee akasema. "Ongeza sauti yote. Fungua mlango, nenda kwenye uzio wako."

Selwyn akafanya hivyo.

"Mjukuu!" gari likapiga kelele. Mbwa watatu wakakimbia. "Toka nje! Nipo kwenye gari!"

Dirisha likafunguliwa kidogo. "Gari halina mtu."

"Nimo humu kwenye redio. Panda."

"Hiyo ni sauti tu. Sheria inataka mtu katikati."

"Sheria inataka mdomo katikati! Mimi nimewahi kuwa na nini kingine? Macho sina, figo sina, umekuwa ukisafiri na mdomo wangu tangu zamani na hukulalamika."

Bibi alikuwa analipima jambo hilo. Hatimaye magurudumu yakasikika tena kwenye changarawe.

Sasa ikaja kazi ya kupanda, na siku zote ni Jangala aliyempa mkono. Selwyn alisikia kigari kikigonga ubavu wa gari. Akasikia mguu kwenye ngazi, mguu ukiteleza, kigari kikianguka. Akasikia pumzi, fupi fupi, zenye majimaji ndani yake. Mkwe wake alikuwa anahangaika hatua chache nyuma ya mgongo wake, naye ameng'ang'ania waya kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri meno yang'olewe, na hakugeuka. Aliichukia sheria dakika ile, naandika kama ilivyokuwa. Na hakugeuka.

"Umepanda?" gari likauliza.

"Bado."

"Mbona unahema kama ngamia?"

"Njoo mwenyewe upande, mavi ya kuku we!" Hasira ikampa nguvu. Mlango ukafungwa kwa kishindo, na Selwyn akaachia waya.

Waliondoka taratibu. Nyuma ya shuka pumzi zilikuwa zikikoroma. Napanangka akauliza, kwa sauti ndogo:

"Babu. Wameshaanza?"

"Wameanza. Ngoja."

Mzee akainyoosha simu kuelekea kwenye watu. Vilio vya wanawake wa nyumbani vikajaa ndani ya gari kupitia spika mbovu, wakipokezana, na katika sauti zile Selwyn alitambua ya mkewe. Marehemu alikuwa mama yake Selwyn pia kwa hesabu ya ukoo. Alimlea miaka aliyokuwa mtundu kuliko wote. Akaendesha huku ameuma midomo, na nyuma yake akasikia mkwe wake naye akianza kulia, polepole, akifuatisha.

Halafu vilio vikakatika. Spika zikatoa mvumo mtupu.

"Babu?"

Mvumo.

Mbele yao kulikuwa na taa za barabara kuu. Ukikata kulia unaingia mjini, hospitali. Ukikata kushoto ni kaskazini, jangwani, nyumbani. Taa ilikuwa nyekundu. Selwyn akasimama, akawasha indiketa ya kulia, nayo ikaanza kugonga tik, tik, tik.

"Babu," Napanangka akasema, "mwambie huyo mtu asikate kulia. Mwambie akate kushoto. Nimechoka na ile mashine. Anipeleke nyumbani nikamlilie mwenzangu, na nikilala hukohuko, basi nilale."

Mashine ya nyumbani ilikuwa na mtu. Wote wawili walijua kulala huko maana yake nini.

Selwyn aliitazama taa. Neno ambalo halijapita kwa Jangala halijasemwa. Angeweza kukata kulia kwa amani, akamfikisha kwa nesi, akamwambia Audrey kwamba safari ilikuwa njema, na hakuna mzee wa Kiwarlpiri ambaye angemtia hatiani. Sheria ileile iliyomfunga usoni pa uzio sasa ilikuwa imemfungulia mlango. Lakini simu ikirudi, na bibi akarudia alichosema, na Jangala akakipitisha, itabidi akate kushoto. Huwezi kumkatalia mama mkwe. Akajikuta anaomba mtandao usirudi. Papo hapo akaona aibu kwa dua yake hiyo, kwa sababu alikuwa amesikia. Alisikia vizuri kabisa.

Taa ikawa ya kijani.

Mikono ilikataa kugeuza usukani, kulia wala kushoto. Lori nyuma yao likapiga honi. Taa ikarudi nyekundu, wakabaki palepale, indiketa ikigonga. Mwenye lori akasema mambo kuhusu mama yake Selwyn.

"Haloo?" spika zikakoroma. "Haloo! Nimerudi, wamenizungusha upande wa pili wa tangi. Mko wapi?"

Indiketa iliendelea kugonga.

"Mjukuu, hapa wanamwulizia huyo mpwa wangu. Jeneza limepungukiwa mbebaji, zamu ilikuwa yake. Nimewaambia ana kazi, anampeleka mkwe wake. Wamesema haya, tutambeba hivyohivyo." Akakohoa. "Mlikuwa mnasemaje?"

Nyuma ya shuka pumzi zilikoroma, zikatulia, zikakoroma tena. Selwyn aliinua macho kwenye kioo, akayaona yale madoa ya dari, moja baada ya jingine. Taa ikawa ya kijani.

"Babu," Napanangka akasema.

"Nakusikiliza."

"Mwambie huyo mtu taa ni ya kijani."

"Eee."

"Na kama ameonyesha kulia, akate kulia. Watu wanangoja."

Jangala akajiweka sawa huko kwenye tangi lake. "Mpwa wangu! Mkwe wako anasema taa ni ya kijani, na kwamba ng'ombe wangekuwa wameshavuka mara mbili, na wamezaa."

Selwyn akakata kulia. Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwona, hakuyafuta. Walipita kituo cha mafuta, wakapita duka la matairi, hospitali ikaanza kuonekana, ndipo alipopata sauti.

"Mjomba," akasema. "Mwambie nimesikia."

"Mjukuu, anasema amesikia."

"Najua," akajibu mama mkwe. "Gari lenyewe dogo."