Vigae vya Nanga Mbili

Mtu anayeingia baa saa tano asubuhi, akaagiza nusu glasi ya bia kisha asiiguse, mimi simwamini. Huyu alikuwa na koti la mvua, amekaa kwenye kona anatazama dari.

"Siril," Hilda aliniita kwa sauti ya chini, "yule anahesabu nini huko juu?"

Hilda Tranter alizaliwa ghorofani, juu ya baa hiyo ya Nanga Mbili, katikati ya Birmingham, na baba yake alipofariki akaiendesha yeye. Mimi nilikuwa mhudumu wake kwa miaka kumi na tisa. Jengo lenyewe lilikuwa la kampuni ya bia, na mwaka ule wa 1973 tulisikia fununu kwamba kampuni inatafuta mnunuzi. Ang'oe vioo na mbao zetu akauze Amerika, kisha abomoe ajenge maduka. Kwa hiyo kila mgeni mwenye daftari tulimwona adui.

Na huyu akatoa daftari. Akainuka, akapapasa vigae vya kijani ukutani, akavigonga kwa kidole.

"Usinigongee ukuta, baba," Hilda akamwambia. "Haujakukosea kitu."

"Samahani, mama. Naitwa Lovell, kazi yangu ni majengo. Vigae hivi ni vya zamani?"

Hilda akanikonyeza. "Zamani wapi! Viliwekwa mwaka juzi, vya kuigiza. Siku hizi kila baa inajifanya ya enzi za Malkia Victoria."

"Na kaunta ya mahogani?"

Hapo nami nikaingiza kimbelembele changu. "Mahogani gani, bwana? Mbao za maboksi hizo. Vanishi nimepaka mwenyewe."

Kaunta ile ilimzidi umri baba yangu. Sikuona haya hata kidogo.

Akaomba kuona vile vijichumba vya pembeni vyenye vioo vya maua, ambamo wanawake wa zamani walikunywa bila kuonekana, wakiagiza kwa kengele. Hilda akasema ni stoo, na funguo zimepotea. Lovell akaandika yote, akaondoka amenywea. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Wiki sita baadaye ikaja barua ya serikali. Mkaguzi wao, Bwana Lovell, alikuja kuona kama Nanga Mbili inastahili kuingia kwenye orodha ya majengo ya kale yasiyoruhusiwa kubomolewa. Haikustahili. Mapambo yake ni ya kuigiza, kwa maelezo ya msimamizi mwenyewe. Nakala wamepewa kampuni ya bia.

Hilda akampigia simu palepale, mimi nimetega sikio karibu yake.

"Nilikudanganya, mwanangu. Kila kitu ni cha mwaka 1896. Rudi uone, nitakufungulia milango yote."

"Mama, kibali cha kubomoa kilitoka Jumatatu," Lovell akajibu. "Nimeingia baa mia mbili. Kila mwenye baa huniapia kwamba yake ni ya kale, hata kama ni ya juzi. Wewe peke yako uliikana yako. Ndiyo maana nilikuamini."

Hilda akaweka simu chini. Natamani angenitukana. Aliniuliza tu tuanze kufungasha chumba gani.