Ghala la Ajali Lafika Ukweni

Fundi wa kompyuta wa kiwanda cha sabuni alijenga ghala la data la ajali zote za kazini, akaliweka kwenye tovuti ili kila mtu aone hatari ziko wapi na wakubwa wafanye maamuzi ya maana. Kichwa kikamvimba. Akavaa suti, akaenda kuposa.

Mama wa mchumba alimpokea simu ikiwa mkononi, tovuti imefunguka.

“Mwanangu, huyu anayeteleza kila mwezi, tena safari moja akiwa amebeba bango la kuonya watu wasiteleze, ni nani?”

“Majina tumeyaficha, mama. Ni siri za watu.”

“Nimeona. Mmeandika cheo tu, ‘fundi wa kompyuta’. Mko wangapi hapo kiwandani?”

“Niko peke yangu.”

Mchumba akainamisha uso. Baba mtu akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mama akaifuata grafu ya ajali za fundi huyo kwa kidole, taratibu kama jaji.

“Tangu mwaka uanze, mstari unashuka,” akasema hatimaye. “Binti tunakupa. Ila wajukuu wangu utawabeba ukiwa umekaa.”